Kanumba Kama Mjomba: Nafasi Zinazopendwa za Steven Kanumba kwa Macho ya Watazamaji wa Turiani

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchambua baadhi ya nafasi alizocheza marehemu Steven Kanumba katika filamu, na kueleza kwa nini chache kati yake zinapendwa mpaka leo wakati nyingine zimekwisha kusahauliwa. Mahali tunaposimama kumtazama ni Turiani, mji mdogo ulio chini ya Milima ya Nguru, wilaya ya Mvomero, mkoani Morogoro. Wengi wenu mnaujua kwa sukari ya Mtibwa na kwa timu yake ya mpira iliyotwaa ubingwa mwaka 1999 na 2000. Mwandishi wa makala haya amekulia huko, na huko ndiko alikojifunza kutazama filamu, kabla hata ya kujua kwamba kuna kitu kinaitwa uhakiki.

Hoja yetu kuu ni hii. Kanumba alijitangaza zaidi kama tajiri, bosi na mpenzi. Majina ya filamu zake na makasha yake yanasema hivyo. Lakini nafasi iliyomwingiza ndani ya nyumba za watu ni ile aliyocheza kama ndugu: mtu mzima anayebebeshwa jukumu la watoto na kuhangaika nalo. Na uwezo wa kucheza nafasi hiyo hakuupata kwenye filamu, aliupata kwenye televisheni.

Wapo watakaouliza, sasa Bongo muvi inaingiaje kwenye jarida la uhakiki wa fasihi? Tunawajibu kwamba mwaka 1976 Penina Muhando na Ndyanao Balisidya waliandika kitabu Fasihi na Sanaa za Maonyesho, na tangu hapo idara zetu hazina tatizo na jukwaa. Tunachambua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein kila mwaka, na ni haki yake. Lakini tuseme ukweli: tunasoma tamthilia ambayo nusu ya darasa haijawahi kuiona ikichezwa, halafu tunaipuuza filamu ambayo darasa zima limeiona mara tatu. Kazi ya sanaa haipotezi hadhi eti kwa kuwa iliuzwa Kariakoo kwenye kasha la plastiki.

2. Msanii na zama zake

Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Kwa hiyo Kanumba ni wa kizazi cha kwanza cha Watanzania wa Bara waliobalehe na runinga ya nyumbani. Kabla ya hapo michezo ya kuigiza ilisikika redioni, au ilionekana kwenye kumbi wakati vikundi vya ngoma na vichekesho vilipopita.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alijiunga na Kaole Sanaa Group, kikundi kilichokuwa kikionyesha michezo yake ITV. Humo alikuwa pamoja na akina Vincent Kigosi, yaani Ray, na Blandina Chagula, yaani Johari. Wazee kama marehemu Mzee Kipara nao walikuwa walimu wa kikundi hicho kwa vitendo, hata kama hakuna aliyewapa cheti cha ualimu.

Tukiitazama michezo ile kifani, tunaona jambo moja muhimu. Haikuwa na fedha. Hakuna magari yanayogongana, hakuna mvua ya bandia, hakuna umati. Kuna sebule, kochi, meza yenye kitambaa, mlango wa chumbani, na pengine uani penye jiko la mkaa. Migogoro yote lazima ipite humo. Mwigizaji anabishana akiwa amekaa, anaomba radhi akiwa amesimama mlangoni, ananyamaza huku ugali unapoa. Kamera iko karibu na uso kwa sababu hakuna kingine cha kupiga picha. Hiyo ndiyo shule aliyosoma Kanumba, shule ya uso na ya maneno ya nyumbani.

Tena mchezo wa televisheni unarudi kila wiki. Stelingi wa filamu ni kama mgeni wa harusi, unamwona siku moja amependeza, basi. Mwigizaji wa mchezo wa kila wiki ni kama jirani. Ukimkuta njiani unamwita kwa jina la kwenye mchezo, na unaweza hata kumgombeza kwa alichomfanyia mkewe wiki iliyopita.

Mwaka 2003 ilitoka filamu ya Girlfriend, iliyoongozwa na George Tyson, na wafanyabiashara wakagundua kwamba hadithi za Kiswahili zinauzika kwenye kanda. Waigizaji wa televisheni wakahamia huko, Kanumba akiwa mstari wa mbele. Kanda zikawa VCD, VCD zikawa DVD, hadithi moja ikakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili inunuliwe mara mbili. Kutoka Kariakoo zikafika hadi vibanda umiza vya Turiani, ambako kiingilio kilikuwa sarafu na kiti kilikuwa ubao.

3. Nafasi zenyewe

3.1 Msafiri: Dar 2 Lagos (2006)

Ili kuielewa nafasi hii lazima tukumbuke hali ya vibanda wakati ule. Filamu za Nigeria zilikuwa zimevamia kila mahali, na kwa kuwa zilisema Kiingereza, vibanda vilitegemea watafsiri. Maarufu kuliko wote alikuwa marehemu Derek Mukandala, aliyeitwa Lufufu, ambaye sauti yake ilieleza filamu, ikatania wahusika, ikaongeza chumvi yake. Mtazamaji wa Turiani alimwona Mnigeria lakini alimsikia Mswahili.

Ndipo Kanumba akaenda Lagos mwenyewe. Dar 2 Lagos, iliyotengenezwa na kampuni ya Mtitu Game na kuongozwa na Femi Ogedegbe wa Nigeria, ilimweka Kanumba fremu moja na waigizaji wa huko, akiwemo Mercy Johnson. Kisanaa si kazi yake bora, lakini kimaana ni hatua kubwa. Kwa mara ya kwanza mtazamaji wa kibandani aliona kwamba yule anayesafiri kwenda kwenye nchi ya filamu ni mtu wa kwao, asiyehitaji Lufufu ili aeleweke. Kelele zilizopigwa kibandani hazikuwa za hadithi, zilikuwa za uwakilishi: "Mtu wetu huyo!"

3.2 Rafiki na mpenzi: Oprah (2008)

Hapa Kanumba yuko na Ray na Irene Uwoya katika kisa cha mapenzi na usaliti. Nafasi za namna hii ndizo nyingi katika kazi zake: suti, gari, geti linalofunguliwa polepole, sebule yenye ngazi. Watazamaji walizipenda, hatukatai. Lakini walizipenda kama mtu anavyopenda picha ya kalenda ukutani.

Kinachookoa nafasi yake ni ile shule ya Kaole. Kanumba alijua kusikiliza. Mwigizaji dhaifu husubiri mwenzake amalize ili naye aseme lake, lakini Kanumba unamwona maneno yanamwingia. Taya linakaza, macho yanakwenda pembeni, ndipo anajibu. Katika filamu ambazo mazungumzo yake hayakuwa na uzito, uso wake ulibeba uzito ambao mwandishi wa mazungumzo hakuuweka.

3.3 Mjomba: Uncle JJ (2010)

Sasa tunafika kwenye kiini. Katika Uncle JJ, na katika This Is It, Kanumba alicheza pamoja na watoto wawili ambao nchi nzima iliwajua kwa majina ya Patrick na Jennifer. Watoto hawa si mapambo. Ndio wanaoendesha mambo, na mtu mzima ndiye anayekimbizana nao. Kanumba yule wa suti na sauti nzito anageuka kuwa mtu wa kuzidiwa akili na viumbe wanaofika kiunoni mwake.

Tuanze na jina. Uncle ni nani? Kiingereza kinatupa neno moja na kutuacha. Kiswahili kinatudai tuchague: mjomba, baba mdogo, baba mkubwa, ami. Mtaani tumelikwepa deni hilo kwa kusema "anko", neno ambalo unaweza kumwitia hata mtu usiyemjua. Jina la filamu linacheza kwenye utata huo: ni la kizungu, ni la kishua, halisemi upande.

Lakini Turiani hawakukubali lisiseme upande. Waluguru, na vilevile Wanguu na Wazigua wa upande huo wa mkoa, hufuata ukoo wa mama. Mjomba, kaka wa mama, si ndugu wa kuleta pipi sikukuu. Ana sauti juu ya wapwa zake katika mambo ya ndoa, ya misiba na ya ardhi ya ukoo. Baba ni mzazi, mjomba ndiye mwenye ukoo. Kwa Wasukuma, kwao Kanumba, mambo ni tofauti: ng'ombe wa mahari wakishatoka, watoto huhesabiwa upande wa baba. Na kwenye mashamba ya miwa walikuwapo watu wa mikoa mingi, kila mmoja na mila zake.

Kwa hiyo katika kibanda kimoja filamu moja ilikuwa filamu tatu. Tunakumbuka ubishi ulivyokuwa. "Huyo ni baba mdogo." "Baba mdogo gani? Mjomba huyo." "Mjomba gani anachezewa na wapwa hivyo? Angekuwa wa kwetu wangelala njaa!" Watu wakaangua kicheko, na mwenye kibanda akaomba watu wanyamaze wasikie.

Tusikipuuze kicheko hicho, maana ndani yake mna uhakiki. Kichekesho kinafanya kazi pale mwenye mamlaka anapoyumba. Mahali ambapo "uncle" ni mtu yeyote tu, kumwona akizidiwa na watoto ni utani wa kawaida. Mahali ambapo mjomba anaogopwa, kumwona akizidiwa ni mapinduzi madogo. Watoto waliokaa chini mbele ya ubao walicheka kuliko wote, huku wakiangalia nyuma kuona kama kuna mjomba wao aliyewaona wakicheka. Katika miaka hiyohiyo mghani Mrisho Mpoto alijipatia jina kwa kumtumia "mjomba" salamu na malalamiko, na kila mtu alielewa kwamba mjomba ni mkubwa anayetakiwa kutoa majibu. Kanumba alifika kwenye neno hilo kwa mlango wa uani. Mpoto alimlalamikia mjomba, Kanumba alimfanya mjomba achekwe, kisha apendwe.

Hapo kwenye "kisha apendwe" ndipo ustadi ulipo. Mwigizaji wa vichekesho wa kawaida angejikunja, angetoa macho, angeanguka chini. Kanumba hakufanya hivyo. Alimcheza anko kwa uzito uleule aliowachezea matajiri wake, kana kwamba kushindwa na mtoto ni jambo zito kama kufilisika. Kwa hiyo watoto hawaonekani wakimdhalilisha, wanaonekana wakimvua suti kidogo kidogo mpaka abaki mtu. Jirani yule wa kila wiki wa televisheni amerudi nyumbani.

3.4 Mtu na nguvu za giza: Devil Kingdom (2011)

Filamu hii ilimleta Ramsey Nouah kutoka Nigeria, na kama jina linavyotangaza, ni kisa cha nguvu za giza. Tunaitaja kwa sababu ya kilichotokea kwa watazamaji. Miaka ile nchi nzima ilikuwa inanong'ona habari za Freemason, na Kanumba alipofariki mwaka uliofuata, uvumi ulienea eti naye alikuwa mmoja wao na kwamba filamu ilikuwa ushahidi. Huo ni upuuzi. Lakini mhakiki anajifunza kitu hapa: watazamaji walikuwa wamefuta mpaka kati ya mtu na nafasi. Mwigizaji aliyeaminika kama ndugu aliaminika pia kama mchawi. Ni sifa ya hatari, na waigizaji wachache sana wameipata.

4. Kufaulu na kutofaulu kwa msanii

Kanumba amefaulu kifani katika uigizaji wa karibu, uso na ukimya, kama tulivyoonyesha. Amefaulu pia kuitoa filamu ya Kiswahili nje ya mipaka bila kuiondolea Kiswahili. Na amefaulu kuwapa watoto nafasi ya kuwa wahusika kamili, jambo ambalo filamu zetu nyingi hazikulijali.

Lakini uhakiki si risala ya maziko. Ana udhaifu, na tuutaje.

Kwanza, lugha. Filamu zake nyingi zina majina ya Kiingereza ambayo wengi wa watazamaji wake hawakuweza kuyatamka sawasawa: Dangerous Desire, Deception, Because of You, Young Billionaire. Ndani yake watu wanasema Kiswahili. Huku ni kuvaa tai juu ya kanzu. Naye mwenyewe yalimpata: alipokaribishwa katika nyumba ya Big Brother Africa mwaka 2009, Kiingereza chake kilisemwa vibaya magazetini na mitaani. Ni unafiki wetu sote. Tulimtaka awe wa kimataifa, halafu tukamcheka kwa kusema kama sisi.

Pili, tabaka. Mlalahoi aliyetoka kukata miwa alilipa kiingilio ili kuona jumba la Dar es Salaam ambalo hataingia. Filamu haikumwambia utajiri ule umetoka wapi, nani aliupiga deki na nani aliulinda getini usiku. Msichana wa kazi na mlinzi wapo, lakini wapo ili wafungue mlango.

Tatu, wanawake. Katika nyingi ya filamu hizi mwanamke ama ni msaliti ama ni mvumilivu. Anayetaka mali anaadhibiwa, anayelia anazawadiwa ndoa. Waigizaji wazuri kama Irene Uwoya na Wema Sepetu walistahili maandishi bora kuliko hayo.

Nne, urefu. Gari linaingia, gari linatoka, wimbo unapigwa hadi mwisho. Biashara ya sehemu mbili ilinenepesha hadithi ambazo zingependeza zikiwa nyembamba.

5. Kifo kilichofunika kazi

Kanumba alifariki usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, nyumbani kwake Sinza, akiwa na miaka 28. Aliagwa viwanja vya Leaders na kuzikwa makaburi ya Kinondoni tarehe 10 Aprili, mbele ya maelfu na maelfu ya watu, viongozi wa nchi wakiwemo. Kesi iliyofuata ilifikia hukumu Novemba 2017. Baada ya kifo chake zilitoka filamu alizoziacha, ikiwemo Love & Power.

Vibandani kulikuwa na kanuni moja: stelingi hafi. Akifa, basi si stelingi. Ndiyo maana Turiani, kama kwingine, watu walibaki wanarudia kuuliza usiku ule ulikuwaje, dakika kwa dakika, kana kwamba wakiuliza vizuri sehemu ya pili itatoka. Tunawaelewa. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu aliyefanya kazi miaka kumi anakumbukwa kwa usiku mmoja. Mtajie kijana leo jina la Kanumba, atakueleza kifo chake kwa kirefu. Muulize ni filamu gani aliigiza vizuri na kwa nini, atataja moja au mbili, na "kwa nini" itamshinda.

Hili si kosa la kijana. Ni letu sisi tunaojiita wahakiki, kwa kuwa hatukuandika. DVD zile zilichubuka, nyingine zilikuwa nakala za wizi tangu mwanzo, vibanda vingi vimefungwa na mbao zake kutumika kwingine. Kinachoonekana kwenye simu ni vipande vilivyokatwa ovyo, bila jina la mwongozaji wala mwaka. Tamthilia ikipotea jukwaani inabaki kitabuni. Filamu hizi zikipotea, hazina kitabu.

6. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba Kanumba alikuwa mwigizaji wa televisheni hata alipokuwa kwenye filamu, kwamba nguvu yake ilikuwa ya sebuleni, na kwamba nafasi yake inayodumu ni ya mjomba na wala si ya bilionea. Tumeonyesha pia kwamba mtazamaji si chombo cha kumiminiwa. Filamu ilisema "uncle", Turiani ikasema mjomba, na maana ikaongezeka.

Pendekezo letu kwa wenzetu wa idara za Kiswahili na sanaa, kuanzia vyuo vya hapa Morogoro, ni dogo na linawezekana. Kila mwanafunzi anayekwenda likizo kijijini atafute filamu moja ya zama zile, aiandikie muhtasari wa kweli, ataje waigizaji, mwongozaji na mwaka, na aandike watu wa kwao waliicheka wapi na waliinyamazia wapi. Waulizeni wenye vibanda wa zamani kabla kumbukumbu zao hazijafifia. Waulizeni na wajomba. Baadhi yao walikaa nyuma kabisa kwenye ubao, gizani, na walicheka pia.